Baada ya S.4: Kidato cha Tano au Chuo cha Ufundi?

Matokeo ya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne (S.4) hapa Uganda, kwa kawaida hutoka mwezi wa pili, na familia hubaki na wiki chache tu za kuamua. Simu zinapigwa. Shangazi wa Jinja anashauri hivi, mjomba wa Arua vile, na mwishowe uamuzi unafanywa kwa kipimo kimoja: mwenye akili aende kidato cha tano, aliyeteleza apelekwe ufundi. Kipimo hicho kimewaumiza watoto wa pande zote mbili. Kijana ambaye tangu utotoni anafungua redio na kuzifunga tena zikalia, analazimishwa miaka miwili ya historia na uchumi asivyovipenda. Na yule aliyeko chuo cha ufundi anajiona mtu wa mabaki hata kama anafanya vizuri.

Mzazi mwenzangu, na wewe kijana unayesubiri kuambiwa uende wapi, nataka tuziweke njia hizi mbili ubavu kwa ubavu kwa swali jingine. Wengi huuliza njia inaishia wapi. Mimi naomba tuulize pia: ikikatika katikati, mtoto atabaki na nini mkononi? Kwetu njia hukatika mara nyingi. Ada inakosekana, mzazi anaugua, binti anapata mimba, mvua inaharibu mazao yaliyotegemewa, matokeo ya S.6 yanakuja chini ya matarajio. Anayepanga kana kwamba hakuna kitakachotokea anamwachia mtoto mzigo wa bahati.

Njia ya kwanza: S.5 na S.6

Ni miaka miwili. Mwanafunzi anachukua masomo makuu matatu, yaani kombi: PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, baiolojia), HEG (historia, uchumi, jiografia) na nyinginezo. Juu yake kuna General Paper, yaani maarifa ya jumla, na somo moja dogo, ama hisabati ndogo ama kompyuta. Mwishoni anafanya UACE, mtihani wa kumaliza S.6 unaotolewa na UNEB, baraza la mitihani la taifa. Kwa hesabu iliyozoeleka, A ina pointi 6, B ina 5, C ina 4, D ina 3, E ina 2 na O ina 1. Masomo madogo mawili yana pointi moja moja, kwa hiyo kilele ni 20.

Kinachowapita wazazi wengi ni kwamba vyuo vikuu vya serikali haviitazami 20 hiyo peke yake. Kila kozi ina uzito wake. Somo la lazima kwa kozi hiyo huzidishwa mara 3, linalohusiana nayo mara 2, linalofaa tu mara 1. Kwa udaktari, baiolojia na kemia ndiyo masomo ya lazima. Kwa uhandisi ni hisabati na fizikia. Wasichana huongezewa pointi 1.5 katika vyuo vya serikali, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Na mlango wenyewe wa kuingilia digrii ni pasi kuu mbili, yaani herufi A hadi E katika masomo makuu mawili, zilizopatikana katika mtihani mmoja.

Maana yake ni kwamba siku ya kuchagua kombi ndiyo siku ya kuchagua kazi. Aliyeingia HEG amekwisha kuuaga uhandisi na udaktari, ajue asijue. Nimewaona wanafunzi wakichagua kombi kwa sababu rafiki amechagua, au kwa sababu shule haina maabara nzuri na mwalimu mkuu amewashawishi. Fomu ya chuo kikuu ya baadaye haiwezi kurekebisha hilo.

Neno moja kuhusu alama. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umetoa kundi lake la kwanza la UCE mwaka 2024. Hakuna tena madaraja ya kwanza na ya pili tuliyoyazoea, wala kujumlisha alama za masomo manane. Kila somo lina herufi yake, A hadi E. Kwa hiyo usitafute kwenye karatasi ya mtoto ile namba moja ya kumlinganisha na binamu yake. Tazama herufi za hisabati, fizikia, kemia, baiolojia na Kiingereza kila moja peke yake, kwani ndizo zitakazoulizwa mlangoni.

Njia ya pili: chuo

Hapa mtoto anaanza na cheti cha taifa, kwa kawaida miaka miwili baada ya S.4: umeme, ujenzi, mabomba, magari, useremala, ushonaji. Akifaulu anapanda diploma kwa miaka miwili mingine. Vyuo vya ufundi vya serikali vya ngazi hiyo ni vile vya Elgon kule Mbale, Lira, Bushenyi, Kichwamba karibu na Fort Portal, na Kyema huko Masindi. Vipo na vyuo vya fani maalumu: Nakawa kwa ufundi wa viwandani, Bukalasa kwa kilimo, Jinja kwa hoteli na utalii, Kigumba kwa mafuta na gesi. Sheria mpya ya elimu ya ufundi ya mwaka 2025 iliunda UVTAB, baraza la kupima wanafunzi wa ufundi, nalo ndilo lililorithi upimaji uliokuwa ukifanywa na UBTEB, bodi ya mitihani ya biashara na ufundi, pamoja na DIT, kurugenzi ya mafunzo ya viwandani.

Anayeona njia hii ni ya walioshindwa akumbuke jambo hili: Makerere yenyewe ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14, wakisomea useremala, ujenzi na umakanika.

Muda na pesa

Tuchukue mhandisi wa ujenzi. Kwa njia ya kwanza, miaka 2 ya S.5 na S.6, kisha miaka 4 ya digrii: jumla 6. Kwa njia ya pili, cheti 2, diploma 2, kisha digrii, na hata pale chuo kikuu kinapompunguzia mwaka mwenye diploma, jumla ni 7 au 8. Ukitazama mwisho tu, njia ya kwanza ni fupi. Lakini tazama mwaka wa pili. Wa kwanza ana cheti cha UACE, wa pili ana cheti cha ujenzi na anaweza kuanza kulipwa kwa siku Jumatatu inayofuata. Tazama mwaka wa nne. Wa kwanza yuko mwaka wa pili chuo kikuu na bado anategemea nyumbani. Wa pili ana diploma, na akipenda anafanya kazi kwanza, ajilipie digrii mwenyewe.

Kwa upande wa ada, shule nyingi za bweni zenye jina zinadai milioni moja na zaidi kwa muhula. Mihula sita ni zaidi ya milioni sita kabla mtoto hajakanyaga chuo kikuu, na hapo hujanunua godoro wala vitabu. Shule za serikali za kutwa ni nafuu sana, na mimi nazitetea: mtoto anayejituma katika shule ya kutwa yenye walimu wa sayansi hana sababu ya kuonewa huruma. Ufundi nao una gharama zake zinazofichika. Kuna ovaroli, viatu vya usalama, vifaa vya kwake mwenyewe, malighafi za mazoezi, na nauli na chakula wakati wa mafunzo kazini. Uliza hayo yote kabla ya kulipa, maana karatasi ya ada haiyataji.

Usiweke matumaini yote kwenye ufadhili wa serikali. Nafasi zake katika vyuo vikuu vya umma ni takriban 4,000 kwa mwaka, nyingine zikigawanywa kwa wilaya ili maeneo ya pembezoni yasiachwe. Ni chache mno kwa wanaofaulu. Bodi ya mikopo, HESFB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hukopesha wa digrii na wa diploma, hasa katika sayansi na teknolojia, na urejeshaji huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Mkopo huo hulipa ada. Chumba na chakula bado ni vyenu.

Njia ikikatika

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo mimi nasimama.

Kidato cha tano na sita ni daraja: thamani yake iko ng'ambo. Aliyefika S.6 akakosa ada ya chuo kikuu ana karatasi ambayo mwajiri wa kawaida haimwambii chochote. Hajui kuunga nyaya, hajui kudunga sindano, hajui kufunga hesabu za duka. Namjua zaidi ya mmoja wa aina hiyo anayeendesha boda boda akiwa na alama nzuri za fizikia. Si aibu kuendesha boda, lakini mpango wa familia haukuwa huo.

Aliyepata cheti cha umeme na akakosa ada ya diploma anaweza kusimama hapo miaka mitatu, akafanya kazi, akarudi. Ndiyo nguvu ya njia ya pili.

Udhaifu wake upo pia, na sitaki kuuficha. Kijana akishaanza kushika pesa, kurudi darasani ni kugumu. Anaoa, analipa kodi ya nyumba, na diploma inabaki ndoto ya mwakani. Halafu cheti chenyewe kina thamani ikiwa tu chuo kilimfundisha kwa mikono. Vipo vyuo ambavyo karakana ni chumba kimoja chenye mashine moja iliyofunikwa turubai, na wanafunzi wanachora mashine ubaoni. Anayetoka humo amepoteza miaka miwili sawasawa na yule wa S.6, tena hana hata pasi kuu mbili za kumwingiza kwingine.

Kazi moja moja

Jibu halifanani kwa kila kazi, kwa hiyo tushuke chini.

*Uuguzi na ukunga.* Hapa njia zote mbili ni halali kabisa. Cheti ni miaka miwili na nusu baada ya S.4, na shule hutaka mtoto awe amefaulu Kiingereza, hisabati na sayansi zote tatu. Mwenye cheti hufanya kazi, kisha hurudi kwa mwaka mmoja na nusu kuchukua diploma. Aliyepitia S.6 na baiolojia na kemia huingia diploma ya moja kwa moja ya miaka 3, au digrii ya miaka 4. Hesabu ya diploma basi ni miaka 4 ya kusoma kwa njia ya cheti, na 5 kwa njia ya S.6. Kama ada ya nyumbani haina uhakika, ningempeleka binti kwenye cheti bila kusita. Kama alama zake za sayansi ni A na B na ada ipo, ningempeleka PCB, kwa sababu PCB inaacha wazi pia udaktari, famasia na maabara. Kwa vyovyote, uliza kama shule inatambuliwa na baraza la wauguzi. Asiyesajiliwa na baraza hilo hawezi kufanya kazi kihalali, hata angekuwa hodari namna gani.

*Umeme, ujenzi, mitambo.* Jiulize kwanza unataka kuwa nani. Anayetaka kuchora na kutia sahihi kama mhandisi aliyesajiliwa anahitaji digrii, basta, na PCM ndiyo njia ya karibu. Anayetaka kufunga, kuunda na kutengeneza aanze chuo. Asidhani tu kwamba kujifunzia kwenye karakana za Katwe, Kampala, kunatosha: fundi wa umeme wa majengo anatakiwa awe na kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme, na kibali hutaka vyeti. Kwa aliyekwisha kuijua kazi bila kusoma, upo upimaji wa ujuzi uliopatikana kazini. Anafanyiwa mtihani wa vitendo, anapewa cheti chake. Ningependa kila fundi wa juakali alijue hilo.

*Mafuta.* Tangu uamuzi wa uwekezaji wa Februari 2022, bomba la mafuta ghafi la EACOP la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limewafanya vijana wengi waote kuchomelea vyuma. Ndoto nzuri, lakini ina masharti. Uchomeleaji wa mabomba hayo hutaka vyeti vya kimataifa, si ule wa kutengeneza milango na madirisha. Tena kazi nyingi za mradi wa namna hii ni za wakati wa ujenzi. Bomba likishakamilika wanahitajika watu wachache. Soma uchomeleaji kwa sababu viwanda, magari na majengo vinauhitaji miaka yote, mafuta yawe ya ziada.

*Uhasibu.* Hapa nawaambia wazazi jambo ambalo wengi hawalijui: si lazima upite digrii. Mwenye pasi kuu mbili za UACE anaweza kuanza moja kwa moja mitihani ya CPA, ile ya wahasibu waliothibitishwa, inayotolewa na ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda, akifanya kazi ndogo mchana na kusoma jioni. Ni mitihani migumu. Lakini kwa familia isiyoweza kulipia miaka mitatu ya chuo kikuu, S.6 hapa ina faida ya pekee ambayo cheti cha ufundi hakina.

*Ualimu.* Zamani S.4 ilitosha kuanza chuo cha walimu wa msingi. Sera ya taifa ya walimu ya mwaka 2019 inataka walimu wa ngazi zote wawe na digrii, kwa hiyo anayetaka ualimu leo apite S.6. Achague somo kwa macho mawili. Tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii katika sekondari za serikali analipwa milioni 4 kwa mwezi, na pengo kati yake na mwenzake wa sanaa ni kubwa kiasi kwamba mwaka huohuo walimu waligoma. Mimi naona pengo hilo ni dhuluma, ila mtoto anayechagua leo lazima alijue.

Na Kiswahili? Ni somo la lazima S.1 na S.2 katika mtaala mpya, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kiwe lugha rasmi. Shule zinatafuta walimu wake na hazipati wa kutosha. Mtoto aliyekulia Bombo, Busia, Koboko au kambi ya wakimbizi ya Nakivale akizungumza Kiswahili tangu utotoni ana mtaji ambao wenzake wanaununua kwa jasho. Makerere na Kyambogo wanafundisha. Mshahara ni wa sanaa, lakini nafasi zipo, na lugha hiyo inamfungulia pia ukalimani, forodha mpakani, utalii na kazi za jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Akiwa anachukua kombi ya sanaa, Kiswahili kiwe mojawapo ya masomo makuu.

*Udaktari na sheria.* Sitakawia hapa. Njia ya moja kwa moja ni S.6. Udaktari ni miaka 5 ya chuo na mmoja wa mafunzo hospitalini. Sheria ni miaka 4, kisha kozi ya uwakili pale LDC, kituo cha kuwaandaa mawakili. Anayelenga huko na hana alama za kutosha asijidanganye kwa kombi nzito. Afisa tabibu kwa diploma ni kazi yenye heshima na inayohitajika vijijini kuliko tunavyoisifu, na mlango wa udaktari haujafungwa kwake baadaye.

Kabla ya kulipa

Nenda ukaone mwenyewe, tena siku ya kazi, si siku ya wageni. Katika chuo cha ufundi ingia karakanani uone nani ameshika kifaa, mwalimu au wanafunzi. Uliza nambari yake ya kituo cha mtihani. Uliza waliomaliza mwaka juzi wako wapi, upewe simu ya mmoja wao. Katika shule ya S.5, usidanganywe na matokeo ya jumla: uliza ni wangapi walisoma kombi hiyohiyo mwaka jana na wakapata nini. Na kwa chuo kikuu, hakikisha kwa NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, kwamba kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na idhini haijaisha muda.

Nikiulizwa kwa ufupi nichague vipi, nasema hivi. Alama za sayansi zenye nguvu na ada ya miaka miwili iliyo tayari kabla ya kuanza: S.5. Alama za wastani, ada ya kuungaunga, na mtoto anayependa kushika vitu: chuo, tena chuo kizuri hata kama kiko mbali. Alama za juu lakini ada ya kuungaunga ndiyo hali inayoniumiza zaidi. Hapo naelekea S.5 ya shule ya kutwa ya serikali, kombi ya sayansi, na likizo zote atumie kujifunza kazi moja ya mkono.

Na kama mmekwisha kuchagua na mnaona mmekosea, kuna vivuko. Aliyepata pasi kuu moja na ndogo mbili S.6 anaweza kuingia diploma. Aliyepungukiwa kidogo anaweza kuchukua cheti cha elimu ya juu cha mwaka mmoja kisha digrii. Mwenye diploma nzuri anaomba chuo kikuu kwa diploma yake. Aliyefikisha miaka 25 anaweza kufanya mtihani wa kuingia kama mtu mzima.

Karibu milango hiyo yote inaomba karatasi ileile: cheti cha UCE. Kikitoka, kifuate shuleni hata kama una deni la kulipa polepole. Linganisha majina yake, herufi kwa herufi, na yale ya kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, na kama yanatofautiana anza kurekebisha likizo hii, wakati bado hakuna chuo kinachosubiri.